Mgomba Hauna Miguu: Jinsi Mimea Inavyopambana na Bakteria

Bismillahir Rahmanir Rahim



Mwaka 2001, wakulima wa Mukono na Kayunga walianza kuona jambo ambalo wazee wao hawakuwahi kuwasimulia. Mgomba uliokuwa umesimama vizuri unageuka manjano, majani yanalegea na kuning'inia kama yaliyobabuliwa na moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, tena bila utaratibu, moja imeiva na iliyo ubavuni mwake bado mbichi. Ukiipasua, ndani ina madoa ya rangi ya kutu. Ukilikata shina ukasubiri dakika chache, unatoka ute wa manjano kama usaha. Waganda waliuita kiwotoka. Ulionekana pia Masisi, mashariki ya Kongo, ukafika Rwanda mwaka 2005, ambako wanauita kirabiranya, kisha Tanzania na Kenya mwaka 2006, na mwaka 2010 ukathibitishwa Burundi. Asili yake ilikuwa imejulikana zamani: mwaka 1968 wanasayansi waliueleza nchini Ethiopia, kwenye inseti, mmea wa jamaa ya mgomba ambao watu hula shina na kisiki chake.

Anayeleta maafa haya ni bakteria wa jamaa ya zanthomonasi. Haumwi mtu kwa kula ndizi hizo, lakini mkungu wenyewe haufai tena kwa mezani wala sokoni. Wengi tunaosoma hapa karo yetu imetoka kwenye mkungu, wa matooke au wa ndizi za kukamua, kwa hiyo somo hili si la watu wa kitivo cha kilimo peke yao.

Nimeona kwamba habari za kinga ya mimea tunafundishwa kwa Kiingereza, tunazikariri kwa ajili ya mtihani, na tukirudi nyumbani hatuwezi kumweleza baba kwa nini mgomba wake umekufa na wa jirani umesalia. Nitajaribu kuzieleza hapa kwa lugha tunayoelewana.

Tuanze na tofauti iliyo wazi. Mtu akivamiwa na ugonjwa ana damu inayozunguka, na ndani ya damu zimo seli nyeupe zinazokimbilia mahali penye hatari. Mmea hauna damu, hauna seli za doria, na hauwezi kuhama. Kila seli ya jani imefungwa ndani ya ukuta wake pale ilipozaliwa, na pale pale ndipo itakapopigana. Kwa hiyo kila seli imepewa silaha zake. Seli ya ncha ya jani haingoji msaada kutoka mzizini. Inajua kumtambua adui, inajua kupiga mbiu, na ikibidi inajua kufa.

Kabla ya hapo lakini kuna mlango. Kuvu wengi wana uwezo wa kutoboa ngozi ya jani, ila bakteria hawezi. Jani limepakwa nta, na chini ya nta kuna kuta ngumu, naye hana cha kutobolea. Lazima apate upenyo ulio tayari: kidonda, au vile vinywa vidogo vya kupumulia viitwavyo stomata, vinavyofunguka ili hewa ya kaboni iingie na mvuke utoke. Kwa miaka mingi vitabu viliviandika vinywa hivyo kama dirisha lililoachwa wazi. Mwaka 2006 Maeli Melotto na Sheng Yang He na wenzao, huko Marekani, walionyesha kuwa sivyo. Waliweka bakteria wa jamaa ya sudomonasi juu ya majani ya arabidopsi, kile kimea kidogo kinachopendwa na maabara, na baada ya muda mfupi vinywa vile vikafumba. Jani lilikuwa limemtambua mgeni mlangoni. Lakini baada ya saa chache vinywa vilifunguka tena, kwa sababu bakteria hao hutengeneza kemikali inayofanana na homoni ya mmea wenyewe, na homoni hiyo bandia inauamuru mlango ufunguke. Ni mwizi aliyejifunza kuigiza sauti ya mwenye nyumba.

Kwa mgomba mlango mkubwa ni kidonda. Panga lililokata mgomba mgonjwa likahamia kwa mzima limekwisha kumaliza kazi. Mlango wa pili wengi hatuujui, nao ni ua. Chini ya mkungu huning'inia lile tumba jekundu la maua dume. Kwa aina kama Kayinja, magamba ya tumba hilo huanguka moja baada ya jingine, na kila linapoanguka huacha jeraha bichi linalotoa utomvu. Nyuki na wadudu wengine wanatoka kunywa kwenye tumba la mgomba mgonjwa, wanakuja kwenye jeraha hilo, na bakteria anashuka kwa miguu ya watu wengine. Kuna aina za matooke, kwa mfano Nakitembe, ambazo magamba na maua yake hayaanguki ila hukaukia pale pale. Jeraha halipo, mdudu haachi kitu. Hiyo ndiyo sababu mara nyingine unakuta shamba la Kayinja limeteketea na Nakitembe imesimama kando yake. Mtu atasema aina hii ina kinga. Hapana, imefunga mlango tu. Ikate kwa panga chafu nayo itakufa kama wenzake.

Sasa tuseme bakteria amekwisha kuingia ndani ya jani. Hapa ndipo palipo na mambo yanayonishangaza kila niyasomapo.

Bakteria wengi huogelea kwa mkia, na mkia huo umejengwa kwa protini iitwayo flajelini. Bila mkia hafiki mbali, kwa hiyo hawezi kuutupa kirahisi. Juu ya ngozi ya seli ya mmea kuna kipokezi, kwa arabidopsi kinaitwa FLS2, ambacho kazi yake ni kuupapasa mkia huo. Hakihitaji mkia mzima. Kipande cha asidi amino 22 tu kinatosha. Thomas Boller na wenzake huko Uswisi walikitambua kipande hicho mwaka 1999, na mwaka uliofuata wakaieleza jeni ya kipokezi chenyewe. Sisi binadamu pia tuna kipokezi kinachotambua flajelini, lakini kinashika sehemu nyingine ya protini hiyo hiyo.

Kipokezi kikigusa mkia, ndani ya dakika chache kalsiamu inamiminika ndani ya seli. Seli inatoa mvua ya oksijeni kali, pamoja na haidrojeni peroksaidi, ile ile dawa ya kusafishia vidonda. Ukuta unaimarishwa kwa bandeji ya sukari ngumu iitwayo kalosi. Jeni nyingi zilizokuwa zimelala zinaamka na protini za kuua vijidudu zinaanza kutengenezwa. Bakteria wengi wanaoanguka juu ya majani kila siku huishia hapo, na sisi hatujui hata kama kulikuwa na vita.

Kuna mfano mmoja ambao ni fahari ya bara letu. Mpunga una ugonjwa wake wa bakteria unaokausha majani, nao pia unatoka kwenye jamaa ya zanthomonasi. Jeni iliyowapa watafiti kipokezi cha kuukabili, Xa21, ilitoka kwa mpunga mwitu uliookotwa Mali. Maabara ya Pamela Ronald, California, iliitenga jeni hiyo mwaka 1995. Jani la porini, ambalo mkulima angeling'oa kama gugu, lilikuwa limebeba silaha.

Lakini adui naye hakukaa bure. Bakteria wa magonjwa wana chombo kama sindano. Wanaisogeza mpaka kwenye seli ya mmea na kuingiza protini zao ndani yake. Sudomonasi wa nyanya, aliyechunguzwa sana, huingiza aina zipatazo 30. Kila moja ina kazi yake: hii inakata waya wa kengele, ile inazuia ukuta usiimarishwe, nyingine inageuza homoni za mmea. Ikiwa zimefanikiwa, mmea unaumwa. Hivyo mgomba mgonjwa si mmea uliokosa kinga kabisa, ni mmea ambao kengele yake imenyamazishwa.

Kwa hiyo mimea ina safu ya pili, na hii iko ndani ya seli. Ni protini za ulinzi ambazo nyingi hazimtafuti adui moja kwa moja. Zinalinda mali. Arabidopsi ina protini ndogo iitwayo RIN4, ambayo protini za bakteria huishambulia kwa sababu ni sehemu ya kengele. Mlinzi mmoja, RPM1, anaamka RIN4 ikibadilishwa kidogo. Mlinzi mwingine, RPS2, anaamka RIN4 ikikatwa na kutoweka. Askari wa namna hii hana haja ya kujua sura za wezi wote wa mjini, maana ameambiwa aangalie kufuli tu, na kufuli likiguswa apige kelele.

Pilipili hoho imekwenda mbali zaidi. Kuna zanthomonasi wa pilipili ambaye protini yake moja huingia mpaka kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za mmea kwa faida yake. Aina fulani za pilipili zina jeni iitwayo Bs3, na mbele ya jeni hiyo kuna swichi inayolingana barabara na protini ya adui. Bakteria akibonyeza swichi akidhani anafungua ghala, anawasha jeni inayoua seli ile aliyomo. Mtego huu ulielezwa mwaka 2007, na kwangu mimi ndio ukurasa mzuri kuliko yote katika somo hili.

Kufa kwa seli ndiko silaha kubwa ya safu hii. Seli zilizozunguka bakteria zinajiua kwa saa chache, zinakauka, na adui anabaki amefungiwa ndani ya doa kavu lisilo na chakula wala maji. Ukiona jani lenye vidoa vidogo vya kahawia visivyopanuka, usiharakishe kusema linaumwa. Huenda linapona.

Kabla ya seli kufa, habari husafiri. Mwaka 1961 Frank Ross alionyesha kwamba mtumbaku ulioambukizwa kirusi kwenye jani moja huwa mgumu kuambukizwa tena kwenye majani yake mengine. Baadaye ilijulikana kuwa jambo hilo hutokea kwa bakteria pia, na kwamba asidi ya salisili ina kazi kubwa humo. Hiyo ni jamaa ya karibu ya aspirini tunayomeza kichwa kikiuma. Mwaka 1979 Raymond White aliyapa majani ya mtumbaku aspirini yenyewe, na yakawa magumu zaidi kwa kirusi. (Tafadhali mtu asiende kumwaga vidonge shambani. Mgomba hautapona, na zahanati itakosa dawa.)

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi mmea usikae na silaha zake wazi wakati wote? Kwa sababu vita vina gharama. Maabarani kuna mimea ambayo jeni zake zimeharibika hata kinga yake haizimiki kamwe. Magonjwa mengi haiyapati, lakini inabaki mifupi, majani yamekunjamana, mbegu chache. Sukari na protini zilizotumika kwenye silaha hazikutumika kwenye kukua. Kuna kipimo humo, cha kuwasha na kuzima.

Hapa nitasema neno kidogo kuhusu namna tunavyoandika mambo haya katika magazeti yetu. Surat Al-An'am, aya ya 99, inatutaka tuyatazame matunda yanapozaa na yanapoiva, na katika Surat Taha, aya ya 50, Nabii Musa (a.s.) anamjibu Firauni kuwa Mola wetu ndiye aliyekipa kila kitu umbo lake kisha akakiongoza. Mimi yananitosha hayo. Sipendi mtindo wa kuichukua aya na kuilazimisha itaje kipokezi kilichogunduliwa juzi, kwa sababu sayansi hujisahihisha. Kama mwaka ujao watafiti watarekebisha maelezo ya RIN4, hatutaki mtu adhani Qur'ani ndiyo iliyorekebishwa. Tumeamrishwa kutazama, basi tutazame kweli, kwa hadubini na kwa subira.

Turudi kwa mgomba wetu. Kama mimea ina safu zote hizi, huu umeshindwaje? Jibu kubwa liko katika namna unavyozaliwa. Ndizi tunazokula hazina mbegu. Tangu enzi za mababu tumekuwa tukichukua chipukizi na kulipanda, kwa hiyo mgomba wa leo ni kama ule ule wa zamani uliohamishwa tu. Mimea inayozaa kwa mbegu huchanganya jeni kila kizazi, na walinzi wapya hupatikana katika mchanganyiko huo. Mgomba wa shambani haukupata nafasi hiyo, na bakteria huyu ulikuwa haujawahi kukutana naye katika nchi hizi. Jamaa yake wa porini, mgomba mwitu wenye mbegu ngumu unaoitwa balbisiana, unamhimili. Lakini kuhamisha uwezo huo kwa njia ya kuzalisha, kwa mmea usiotoa mbegu, ni kazi ya miaka mingi.

Ndiyo maana watafiti wa taasisi ya IITA, wakiongozwa na Leena Tripathi, pamoja na wenzao wa NARO hapa Uganda, walikwenda kwa pilipili hoho. Walichukua jeni zake mbili, Hrap na Pflp, ambazo huifanya seli iwe nyepesi zaidi kujiua inapovamiwa, wakaziingiza ndani ya mgomba. Majaribio ya shambani yalifanyika Kawanda, ndani ya uzio, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha mistari kadhaa iliyostahimili ugonjwa mpaka ikazaa. Haijafika kwa wakulima. Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa sheria ya teknolojia hiyo mwaka 2017 na tena mwaka 2018, na mara zote mbili rais aliurudisha.

Katika mijadala yetu baada ya Isha, swali hili huja haraka: je, ni halali? Upande wa chakula sioni ugumu, jeni ya pilipili imetoka kwa mmea ulio halali na imeingia kwa mmea ulio halali. Anayesema ni kubadilisha maumbile aliyoyaumba Allah ajibu kwanza kuhusu mtende, ambao Waarabu waliupandishia chavua kwa mikono, na Mtume (s.a.w.) katika Hadithi iliyopokewa na Muslim aliwaachia Maswahaba mambo ya namna hiyo ya dunia yao. Swali zito kwangu liko kwingine: chipukizi litakuwa la nani? Mkulima aliyezoea kumpa jirani chipukizi bure ataendelea kumpa, au atahitaji kibali? Waliofanya kazi hiyo wamesema nia ni kuwapa wakulima wadogo bila malipo ya hakimiliki. Hilo lapaswa kuandikwa kwenye sheria, lisibaki kwenye hotuba. Wallahu aalam, na wenye elimu ya fiqhi watusahihishe.

Wakati hayo yanasubiriwa, mgomba unaweza kusaidiwa kwa kuufanyia yale usiyoweza kuyafanya wenyewe. Hauwezi kufunga jeraha la ua, kwa hiyo tumba dume linaondolewa mara tu kichana cha mwisho kinapotokeza. Linavunjwa kwa kijiti chenye panda, kwa kulizungusha. Panga halitumiki hapo kabisa, maana ndilo mlango wenyewe. Panga la kazi nyingine linachomwa motoni au kuoshwa kwa maji ya jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Na tofauti na tulivyoambiwa mwanzoni, si lazima kung'oa shina lote na watoto wake, kazi iliyowavunja mgongo wazee wengi hata wakaiacha. Watafiti wamegundua kuwa mara nyingi bakteria hawafiki kwenye kila chipukizi la shina moja. Ukikata mgomba mgonjwa peke yake, usawa wa ardhi, mara tu unapoona dalili, ukarudi kukagua kila wiki bila kuchoka, ugonjwa hupungua mpaka shamba likarudi.

Hii inadai kijiji kizima. Mmoja akiacha migomba yake ioze imesimama, nyuki wa shamba lake ndio nyuki wa shamba la jirani. Kanuni ya fiqhi ya kutodhuru wala kudhuriana inaingia hapa bila kusukumwa. Na katika Hadithi ya Anas bin Malik, waliyoipokea Bukhari na Muslim, anachokula ndege, mtu au mnyama kutoka kwa mti aliopanda Muislamu ni sadaka kwake. Baba aliyepanda mgomba tunaoula anaendelea kuandikiwa maadamu umesimama.

Likizo imekaribia, na kila likizo kuna anayesafiri na machipukizi ndani ya buti la teksi, zawadi ya shangazi wa Luweero kwa mama wa Mbale. Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia nchi yenye tauni na kutoka ndani yake kwa kuikimbia. Hadithi hiyo ni ya watu, lakini chipukizi nalo husafiri na ugonjwa likiwa limependeza, kwa miezi, bila jani hata moja kugeuka manjano. Basi kabla ya kulifunga kwenye gunia, muulize shangazi kwa adabu: shamba hili limewahi kupata kiwotoka? Akisema ndiyo, au akinyamaza, mshukuru na uliache.